Mjane Yule Hakuwa Adui wa Mapinduzi

Ipo sifa moja anayopewa Tomás Gutiérrez Alea ambayo kila nikiisoma inanichoma. Husemwa kwamba mwaka 1966, mjini Havana, bwana huyu aliwapiga chenga wakaguzi wa serikali: alitengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu maiti isiyozikika, kumbe ndani yake ameficha hati ya kifo cha mapinduzi ya Cuba. Filamu hiyo ni La muerte de un burócrata, Kifo cha Mrasimu. Wanaoisifu kwa njia hiyo ni wengi, na ni watu waliosoma: wahakiki wa magazeti ya Ulaya na Marekani, waandaaji wa matamasha, walimu wa sinema. Kwao Alea ni mpinzani aliyejificha nyuma ya kicheko. Wanadhani wanampa heshima. Mimi nasema wanampokonya kile alichokigombania maisha yake yote, tena wanampa ushindi karani yuleyule ambaye filamu imemshtaki.

Kwanza tukikumbuke kisa, maana wengi wanaoijadili filamu hii hushika vituko vyake na kusahau vilianzia wapi. Francisco J. Pérez, ambaye nyumbani wanamwita Paco, ni fundi wa kuchonga sanamu na mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Amebuni mashine inayotoa kwa wingi sanamu za kichwa na kifua za José Martí, shujaa wa uhuru wa Cuba aliyeuawa vitani mwaka 1895, ili kila familia iweze kuwa na pembe yake ya uzalendo sebuleni. Siku moja mashine inakwama. Paco anapanda kuitazama, na mashine inammeza. Makaburini msemaji anamwaga sifa, na wenzake wanaamua azikwe pamoja na kadi yake ya kazi, iwe heshima ya mwisho kwa mtu aliyekuwa mfanyakazi hadi pumzi ya mwisho.

Kisha mjane anakwenda kudai pensheni, akisindikizwa na mpwa wake, Juanchín, anayeigizwa na Salvador Wood. Karani anataka kadi ya marehemu. Kadi iko kaburini. Ili kadi ipatikane, kaburi lazima lifukuliwe. Kufukua kunataka amri ya mahakama. Na kanuni zinakataza kufukua kabla ya miaka miwili kupita. Mpwa anatafuta watu wa kumsaidia kufukua usiku. Mlinzi anatokea, wachimbaji wanatoka mbio, na maiti inaishia nyumbani kwa mjane. Kadi imepatikana. Sasa mzee arudishwe alale. Msimamizi wa makaburi anatazama kumbukumbu zake na kukuta kwamba mtu huyu amekwishazikwa, na aliyezikwa hazikwi tena. Kama alitolewa, kibali cha kumtoa kiko wapi? Kibali hakipo, kwa hiyo maiti, kwa mujibu wa makaratasi, iko chini ya ardhi. Nyumbani barafu inaletwa kuizuia isiharibike, na juu ya paa tumbusi wameanza kuzunguka.

Nauliza wanaosema hii ni filamu ya kuyakana mapinduzi: mdai ni nani hapa? Si mwenye shamba aliyenyang'anywa miwa yake. Si mfanyabiashara aliyetaifishiwa duka. Ni mke wa fundi, tena fundi aliyekufa akiyatumikia mapinduzi kwa mikono yake, naye anadai kitu ambacho mapinduzi yenyewe yalimwahidi. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya filamu anayetamani siku za dikteta Batista zirudi. Hakuna anayewaza kupanda boti kwenda Miami. Juanchín anapozunguka kutoka dirisha hadi dirisha, hadai ofisi zivunjwe. Anadai zifanye kazi ambayo ziliwekwa kuifanya. Mtu anayeamini kwamba deni halitalipwa kamwe hakawii kuondoka mlangoni. Huyu anarudi, anarudi tena, na hasira yake inapanda kila anaporudi kwa sababu anajua deni ni la kweli na mdaiwa yupo.

Alea mwenyewe alikuwa mtu wa aina hiyo. Alizaliwa Havana mwaka 1928, akasomea sheria, kisha akaenda Roma kujifunza sinema katika miaka ambayo Waitaliano walikuwa wanawatoa wasanii studioni na kuwapeleka mitaani. Aliporudi, yeye na Julio García Espinosa walipiga filamu fupi, El Mégano, kuhusu wachoma makaa wa kwenye vinamasi. Ilikuwa mwaka 1955, na polisi wa Batista waliikamata. Mapinduzi yaliposhinda Januari 1959, taasisi ya filamu, ICAIC, iliundwa tarehe 24 Machi mwaka huohuo, kabla serikali mpya haijatimiza miezi mitatu, na Alea alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Aliisimulia vita yenyewe katika Historias de la revolución ya mwaka 1960. Mwaka 1962 aliichukua riwaya ya kejeli ya Warusi Ilf na Petrov, akaihamishia Cuba ya mabwana waliopoteza mali. Na hadithi ya maiti ya Paco ilimjia, kama alivyoeleza mwenyewe, baada ya kukwama maofisini akifuatilia shida zake ndogondogo, akapandwa na hasira iliyokosa pa kutokea. Huo ndio mwanzo wa filamu: raia aliyechoshwa na madirisha ya ofisi zake mwenyewe.

Wapo waliokuwa na sababu nzito za kuondoka Cuba, nami siwalaumu. Mwandishi Guillermo Cabrera Infante aliondoka. Néstor Almendros, rafiki wa Alea tangu ujanani, aliondoka na kuja kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa sinema duniani. Mwaka 1984 marafiki hao wawili walirushiana maneno makali katika gazeti moja la New York, baada ya Almendros kutoa filamu ya ushahidi kuhusu mateso ya mashoga nchini Cuba. Katika ugomvi huo siwezi kusimama na Alea moja kwa moja. Kambi za kazi za UMAP zilifunguliwa Novemba 1965, miezi michache tu kabla ya Kifo cha Mrasimu, na humo walifungiwa mashoga, Mashahidi wa Yehova na wengine walioonekana hawalingani na mtu mpya aliyekuwa akihubiriwa. Waliopitia kambi zile walisema kweli, na kweli yao haipungui kwa sababu mtu mwingine alibaki akipigania mambo kutoka ndani. Lakini kubaki kwa Alea nako kuna maana yake. Alibaki hadi alipofariki Havana, Aprili 1996, na muda wote huo alifanya filamu za kulalamika. Kumgeuza mtu huyo, baada ya kifo chake, kuwa mkimbizi ambaye hakuwahi kupanda ndege, ni kuyafuta maisha yake yote.

Linalonikera zaidi ni jinsi fikra hiyo inavyofanana na fikra ya mkaguzi. Juni 1961, baada ya filamu fupi P.M. iliyoonyesha starehe za usiku za watu wa Havana kupigwa marufuku, Fidel Castro aliwakusanya wasanii na waandishi katika Maktaba ya Taifa, akawaambia kwamba ndani ya mapinduzi kila kitu kinaruhusiwa, ila dhidi ya mapinduzi hakuna kinachoruhusiwa. Mpaka uliwekwa, ila haikuelezwa ni nani atakayesema mtu yuko upande gani. Tangu siku hiyo kila msanii wa Cuba alikuwa akilijibu swali hilo kwa kazi yake. Mkaguzi ana jibu lake: anayekosoa yuko nje. Na mhakiki wa ng'ambo, akiitazama filamu ya Alea kwa furaha, anatoa jibu hilohilo neno kwa neno: amekosoa, basi yuko nje, karibu kwetu. Tofauti yao ni kwamba mmoja anataka kumfunga na mwingine anataka kumpa tuzo. Juu ya swali lenyewe wamekubaliana.

Jibu la Alea lilikuwa kinyume cha yote mawili. Alisema: aliye ndani ni mjane. Aliye nje ni yule aliyekalia kiti na kuugeuza mhuri kuwa mali yake. Kama kuna msaliti katika hadithi hii, ni mtu anayemwambia mke wa mfanyakazi kwamba mumewe, aliyelazwa kwenye barafu nyumbani, yuko kaburini kwa sababu karatasi inasema hivyo. Hilo ni shtaka zito kuliko lolote ambalo mpinzani wa nje angeweza kulitoa, kwa sababu halimwachii karani pa kukimbilia. Mpinzani wa nje angeitwa kibaraka, na faili likafungwa. Mjane wa Paco huwezi kumwita kibaraka.

Na fikra hii ya kumhesabu kila mkosoaji kuwa adui imeumiza filamu za kweli. Mwaka 1991 Daniel Díaz Torres alitoa Alicia en el pueblo de Maravillas, kejeli kali kuhusu mji ambao watu wake wamezoea upuuzi wa wakubwa. Ilionyeshwa siku nne tu, huku kumbi zikijazwa wanachama wa chama waliotumwa kuipinga, kisha ikaondolewa, na ICAIC yenyewe ikatishiwa kuunganishwa na vyombo vingine vya serikali. Watengenezaji filamu, Alea akiwemo, walisimama pamoja kuipigania taasisi yao. Mwaka 1998 Castro aliishambulia hadharani Guantanamera, filamu ya mwisho ya Alea, akiihesabu kuwa kazi ya kuichafua nchi. Alea alikuwa kaburini tayari. Kiongozi wa nchi aliitazama kejeli ya raia mwenzake kwa jicho lilelile la wale wanaomsifu Alea kwa kuipa serikali yake kisogo. Kila anayeandika leo kwamba Alea alikuwa mpinzani wa siri anautia nguvu ushahidi wa mwendesha mashtaka huyo.

Yako maoni mengine, nayo nayachukulia kwa uzito zaidi kwa sababu yana akili ndani yake. Yanasema: filamu iliruhusiwa kwa kuwa haikuwa na hatari. Viongozi wenyewe walikuwa wamekwishatangaza vita dhidi ya urasimu. Che Guevara alichapisha makala ya kuukemea mwezi Februari 1963 katika jarida la Cuba Socialista, na hotuba zilifuata. Kwa hiyo Alea alikuwa akirudia wimbo wa wakubwa. Aliwacheka makarani wadogo na kuwaacha walio juu, na watu wakapewa nafasi ya kupumua, wakacheka, wakarudi kwenye foleni.

Sikubali, na sababu imo katika dakika za mwanzo za filamu. Katika makala yake Che alitaja vyanzo vitatu vya urasimu: kukosekana kwa msukumo wa ndani kwa mfanyakazi, kukosekana kwa mpangilio wa kazi, na upungufu wa ujuzi wa kiufundi. Sasa mtazame Paco. Msukumo wa ndani umemjaa hadi umemuua. Ujuzi wa kiufundi anao. Mashine yake ni kazi ya fundi mwenye kipaji, inapokea malighafi upande mmoja na kumtoa Martí upande wa pili. Mpangilio nao haukosekani: mazishi yake yamepangwa barabara, kuna msemaji, kuna mashada, kuna kadi iliyowekwa ndani ya jeneza kwa heshima zote. Vyote vitatu ambavyo Che alisema vinakosekana, hapa vipo kwa wingi, na balaa linatokea palepale. Alea hakurudia maneno ya wakubwa. Aliyachukua maelezo bora kabisa yaliyokuwepo, yaliyoandikwa na mtu aliyeheshimika kuliko wote, akaonyesha mahali yanapopungukia.

(Na wakati filamu hiyo inatengenezwa, Che hakuwa Havana. Alikuwa ametoka kushindwa Kongo Novemba 1965, akajificha katika ubalozi wa Cuba hapa Dar es Salaam, akiandika bila kujionea huruma kwa nini vita ile iliharibika. Sioni kama mtu huyo angekasirishwa na Alea.)

Ukiitazama kadi ya kazi kwa makini utaona pale kidonda kilipo. Nani alimnyima mjane pensheni? Karani, ndiyo. Lakini kabla ya karani alikuwepo mtu aliyeona kwamba ni jambo tukufu kumzika mfanyakazi na kadi yake. Hakuwa mvivu wala mla rushwa. Alikuwa na shauku. Alitaka tendo lenye maana kubwa, tendo la kuonyesha, na kwa kulitenda akautia mkate wa mjane ndani ya shimo. Hakuna aliyemuuliza mke wa marehemu. Hapo ndipo filamu inapogusa juu kabisa, mahali ambapo wale wa nadharia ya kupumua wanadai haikufika. Hotuba ya makaburini haikuwa kazi ya karani mdogo. Ile ni lugha ya jukwaani, lugha ya sherehe za taifa. Na mashine ya sanamu je? Martí alikuwa mtu aliyeandika, aliyefikiri, aliyefungwa akiwa kijana na akafa akiwa mpiganaji. Katika mashine ya Paco amekuwa umbo linalotoka moja baada ya jingine, yote sawasawa, tayari kuwekwa juu ya kabati. Nchi nzima ilikuwa ikifanya hivyo kwa mashujaa wake. Mtu wa kwanza kumezwa ni yule aliyeipenda kazi hiyo kwa dhati. Kama hiyo ni kejeli isiyo na hatari, sijui hatari ni ipi.

Tena kampeni yenyewe dhidi ya urasimu imo ndani ya filamu. Alea aliona mapema kwamba vita dhidi ya ofisi vinaweza kugeuzwa kuwa kazi ya ofisi nyingine, na bango linaweza kupigwa rangi vizuri na kutundikwa juu ya mlango ambao mjane hapiti. Anayesema filamu ilikuwa bango la kampeni hajawatazama waliomo humo wanaochora mabango.

Kuna wanaotaja majina yaliyomo mwanzoni mwa filamu kuwa ushahidi wa uasi. Utangulizi unapigwa taipu mbele ya macho yetu kama azimio la ofisi, na ndani ya azimio hilo filamu inatolewa kwa heshima ya Buñuel, Laurel na Hardy, Harold Lloyd, Buster Keaton, Orson Welles, hata Marilyn Monroe. Wamarekani wengi kiasi hicho! Na uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe ulikuwa wa Aprili 1961, vikwazo vya biashara vya Februari 1962. Kwa hiyo, wanasema, Alea alikuwa akipunga mkono kwa siri kuelekea Florida.

Hoja hii inawadharau Wacuba. Watu wa Havana walikua na filamu hizo kabla ya mapinduzi, na mapinduzi hayakuwaambia wazisahau. Malori ya ICAIC yalibeba projekta hadi milimani, kwa watu ambao hawakuwahi kuona picha inayotembea, na mwaka 1967 Octavio Cortázar aliwapiga picha wanakijiji wa Los Mulos, huko Baracoa, wakitazama sinema kwa mara ya kwanza maishani. Walichoonyeshwa ni Modern Times ya Chaplin. Nyuso zile, watoto waliokodoa macho na vikongwe wanaocheka kwa mikono mdomoni, zinatosha kujibu. Chaplin alikuwa mali yao, na Lloyd alikuwa mali ya Alea.

Na tazama alivyoitumia mali hiyo. Harold Lloyd alipanda ukuta wa jengo refu la Marekani akitafuta fedha na jina ili aweze kuoa. Juanchín naye anajikuta ukutani, juu kabisa, barabara ikionekana chini ya viatu vyake, na kilichompeleka huko ni karatasi. Miguu ya mwigizaji inatafuta pa kukanyaga kwa namna ileile, watazamaji wanashika roho kwa namna ileile, lakini anayening'inia ni mtu mwenye haki mkononi asiyekuwa na mahali pa kuitumia. Vivyo hivyo kwenye lango la makaburi. Laurel na Hardy walikuwa na mchezo wao: mtu anaharibu gari la mwenzake kidogo, mwenzake anajibu kwa utulivu, wa tatu anaingilia, na mwishowe barabara nzima inavunja magari. Alea anauleta mchezo huo msibani. Jeneza liko pale, msimamizi anakataa, mtu anasukumwa, shada la maua linampiga asiyehusika, naye anajibu, waombolezaji wa msiba mwingine wanaingia, na gari la maiti linafumuliwa vipande. Nguo nyeusi, maua, kola zilizochanika. Mtazamaji anacheka hadi machozi, na katikati ya kicheko anakumbuka kuwa mle ndani ya sanduku kuna fundi Paco. Kicheko hicho hakimpumzishi mtu. Kinamwongezea deni.

Huku kwetu maoni yanayopendwa zaidi ni ya tatu, kwamba urasimu ni uleule kila mahali, na filamu hii ingeweza kupigwa popote. Mtu wa Mombasa au Kigoma aliyeambiwa njoo kesho kwa miezi atajiona mle ndani, na ana haki. Lakini ukiishia hapo umeikata filamu kichwa. Katika hadithi za Kafka mhusika hajui ofisi ni ya nani, wala ilianzaje, wala inamtakia nini. Juanchín anajua vizuri mno. Ofisi ni ya mjomba wake. Ilichukuliwa kwa jina la watu kama Paco, kuta zake zimejaa maneno yanayowataja watu kama Paco, na karani anasema anawatumikia watu kama Paco huku akikataa kumzika. Uchungu huo hauko kila mahali. Uko pale tu ambapo watu waliambiwa kwamba kila kitu sasa ni chao, wakaamini, na kwa kiasi fulani ikawa kweli. Cuba ya mwaka 1966 ilikuwa imetoka kufundisha mamia ya maelfu ya watu kusoma na kuandika katika kampeni ya mwaka 1961. Mtu aliyejifunza kusoma jana ndiye anayeumia zaidi leo akiambiwa karatasi inasema mumewe yuko kaburini.

Mwishoni uvumilivu wa Juanchín unakatika. Anamkaba koo msimamizi wa makaburi na kumuua, anachukuliwa akiwa amefungwa kama mwendawazimu, na msafara unaoingia makaburini sasa ni wa mrasimu, anayekwenda kuzikwa kama inavyotakiwa. Wapenda nadharia ya upinzani wanausoma mwisho huu kama wito wa kuangusha serikali. Hausemi hivyo. Kwa kuua, Juanchín hakupata chochote, ila amempa adui yake kile ambacho yeye alikitafuta kwa filamu nzima: mazishi. Alea hakuutaka mwisho wa kumfariji mtazamaji. Miaka kumi na sita baadaye, katika kitabu chake Dialéctica del espectador cha mwaka 1982, alitetea sinema inayomtoa mtu ukumbini akiwa na jambo la kushughulikia nje. Jambo hilo hapa liko wazi: aliyetulia ukumbini kesho yake asubuhi atakuwa ama upande huu wa dirisha ama upande ule.

Mwaka huohuo wa 1966 filamu ilipewa tuzo maalumu ya majaji huko Karlovy Vary, Czechoslovakia. Hili halitajwi vya kutosha na wanaomtaka Alea awe wa kambi ya Magharibi. Waliomtuza kwanza ni watu wa nchi ya kijamaa, katika miaka ambayo wasanii wao wenyewe walikuwa wanatengeneza vichekesho vya namna hiyo, wakitumaini kwamba nyumba yao inaweza kurekebishwa bila kubomolewa. Vifaru vya Kisovieti viliingia Prague Agosti 1968. Castro alisimama siku chache baadaye akaunga mkono uvamizi. Hapo mlango ambao filamu ya Alea ilikuwa ikiugonga ulisukumwa ufungwe, na waliousukuma walikuwa wa ndani. Nalisema hili kwa uchungu, na silisemi ili kumpunguzia Castro lawama. Linathibitisha ninachodai: waliokuwa na sababu ya kumwogopa mjane wa Paco walikuwa wenye viti, na kilichowatisha ni kwamba alikuwa na haki ya kuingia.

Sasa filamu imesafishwa upya na hazina ya filamu ya Academy ya Marekani ikishirikiana na hazina ya Cuba, na inazunguka matamasha ikiwa na picha safi. Kila inapoonyeshwa hutanguliwa na maelezo mafupi kuhusu msanii jasiri aliyeudanganya utawala. Naomba wanaoandika maelezo hayo waitazame pia Guantanamera ya mwaka 1995. Alea alikuwa mgonjwa wa saratani, na Juan Carlos Tabío aliiongoza pamoja naye kwa sababu nguvu zilikuwa zinamwishia. Hadithi aliyoichagua ni ya maiti ya mwimbaji inayosafirishwa kutoka Guantánamo hadi Havana, ikibadilishwa gari kila mpaka wa mkoa kwa sababu afisa mmoja amebuni mpango wa kugawana petroli na anataka mpango huo umpandishe cheo. Maiti tena, makaratasi tena, afisa tena, miaka ishirini na tisa baada ya Paco. Mgonjwa anayejua siku zake zinahesabika alirudi kwenye dirisha lilelile na dai lilelile, nchini mwake, katika mwaka wa njaa, na akadai ajibiwe.